Mpinzani Akidandia Treni kwa Mbele: Dau la Ghafla Kwenye Riva

Kuna dau moja kwenye poka linalowavuruga watu wenye akili zao timamu kuliko madau mengine yote. Wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza: umepandisha dau kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani), ukaweka dau kwenye flopu, ukaweka tena kwenye karata ya nne. Mwenzako muda wote kazi yake ilikuwa kugonga meza (kupita bila kuweka dau) na kulipa (kuweka kiasi sawa na dau lako), kugonga meza na kulipa. Sasa inafunuliwa karata ya tano, riva, nawe tayari unapanga kichwani utaweka kiasi gani. Kabla hujagusa chipu zako, yeye anasukuma zake katikati. Safari hii hakugonga meza. Amedandia treni kwa mbele.

Nimeliona dau hili likiwatoa watu ninaowaheshimu kwenye mstari. Mmoja analipa papo hapo kwa hasira, kana kwamba ametukanwa. Mwingine anatupa karata nzuri kwa sababu tu hakulitarajia. Wa tatu anapandisha ili aonyeshe kwamba bado yeye ndiye mwenye usukani. Wote watatu wamejibu mshtuko wao, na dau lenyewe bado liko mezani halijajibiwa.

Kwangu mimi jibu linaanza na kutulia. Omba muda, hesabu kichwani poti (fedha zote zilizokusanyika) ni kiasi gani, kisha urudi nyuma hadi mwanzo wa mkono, yaani wa mgao huu: nani alipandisha, nani alilipa, akiwa amekaa wapi, flopu ilimsaidia nani. Dau la ghafla halianzii kwenye riva. Mtu amefika pale kwa kulipa mara mbili au tatu, na kila malipo yamepunguza aina ya karata anazoweza kuwa nazo. Riva inakwambia ni zipi kati ya hizo zimenenepa na zipi zimekufa.

Kwa asiyeijua vizuri Texas Hold'em, kila mchezaji ana karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tatu kwa mpigo, hiyo ndiyo flopu, halafu ya nne, halafu riva, na kila hatua ina mzunguko wake wa madau. Mwenye zamu ya mwisho ana faida kubwa kwa kuwa ameshaona wenzake wamefanya nini. Mwenye zamu ya kwanza kwa kawaida hugonga meza, akamwachia nafasi yule aliyekuwa akiongoza. Hiyo ni desturi tu, hakuna kanuni inayomlazimisha, na anayeiacha kwenye riva huwa na sababu.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi kwenye meza za fedha ndogo ni hofu ya kunyimwa malipo. Jiweke mahali pake. Amekuwa akisubiri karata fulani, na imekuja. Anaweza kugonga meza akitarajia uweke dau ili akupandishie. Lakini je, ile karata ikikutisha na wewe ukagonga? Mchezo umeishia hapo, karata zinafunuliwa, na amechukua poti ileile bila nyongeza hata ya shilingi moja. Kadiri riva inavyotisha, ndivyo hatari hiyo inavyokuwa kubwa kwake. Kwa hiyo anaweka dau mwenyewe, asikutegemee wewe.

Sababu ya pili ni karata za wastani. Anaogopa dau lako kubwa, anatanguliza lake dogo ili ajipangie bei. Ya tatu ni mkwara: alichokuwa akikisubiri hakikuja, karata zikifunuliwa hana lake, na kugonga meza ni sawa na kukubali kushindwa.

Nichukue mkono mmoja niucheze polepole. Ilikuwa Dar es Salaam, meza ya watu sita nyumbani kwa rafiki, madau ya lazima sh. 1,000 na 2,000. (Najua ndugu wengi hawapendi kusikia karata zikitajwa pamoja na fedha, na nawaheshimu kwa hilo. Meza yetu ina kikomo, na aliyemaliza hakopeshwi.) Pale kuna mzee mmoja mstaafu ambaye sote humwamkia shikamoo kabla ya kuvuta viti. Chipu zake huzipanga kwa rangi, safu zimelingana kama zimepimwa kwa rula. Miwani yake huishi kwenye paji la uso, na huishusha pale tu anapotaka kusoma karata za mezani sawasawa.

Nilikuwa na ree ya shupaza na malkia wa uru, na zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Nikapandisha hadi 6,000. Mzee, aliyekuwa ameweka lile dau la lazima la 2,000, akaongezea akalipa, wengine wakatupa. Poti 13,000. Flopu ikaja malkia wa kopa, nane ya kopa, nne ya pau. Nina jozi ya juu kabisa, na ree ya kuisindikiza. Mzee akagonga meza, nikaweka 8,000, akalipa. Karata ya nne ikawa tatu ya shupaza. Akagonga, nikaweka 18,000, akalipa. Poti imefika 65,000.

Riva: saba ya kopa.

Mzee akashusha miwani. Akaitazama ile saba, hakuzigusa karata zake mbili kuziangalia tena. Akavunja safu moja ya chipu, akahesabu kwa vidole vilivyotulia, akasogeza mbele 45,000.

“Mzee, mbona unanishtua?”

“Lipa uone, mwanangu.”

Nikaanza na bei, kwa sababu bei haina hisia. Kulipa kunanigharimu 45,000. Nikishinda napata 65,000 zilizokuwepo pamoja na 45,000 zake. Jumlisha na zangu, poti inakuwa 155,000, na 45 juu ya 155 ni kama asilimia 29. Yaani nikiamini nitashinda zaidi ya mara 29 katika kila 100, nalipa; chini ya hapo, natupa. Hesabu hizi zinafaa kukaa kichwani kabla hujakaa mezani: dau la theluthi ya poti linakutaka ushinde asilimia 20, la nusu poti asilimia 25, la poti nzima asilimia 33. Wengi hudhani hawaruhusiwi kulipa mpaka wafikie nusu kwa nusu, na kwa imani hiyo huachia fedha nyingi sana mezani mwaka mzima.

Bei ikishajulikana linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: kwenye riva hii, ni nani amebaki bila kitu?

Mkwara hautoki hewani. Unatoka kwa mtu aliyekuwa akingoja karata na karata haikuja. Kwenye flopu yenye malkia na nane za kopa, anayengoja zaidi ni mwenye kopa mbili mkononi, akitafuta ya tano ili awe na karata tano za alama moja, zinazoishinda jozi. Riva imeleta kopa. Wangojaji hao wote wamepata. Mwenye sita na tano naye amekamilisha mfululizo wa nne hadi nane. Mwenye nane na saba ana jozi mbili. Waliobaki mikono mitupu ni wenye jeki na kumi, au kumi na tisa, wasio na kopa. Je, mzee huyu angelipa 8,000, kisha 18,000, akingoja karata moja ya katikati? Namfahamu, hangelipa. Kila nikimtafuta mtu mwenye mkwara kwenye riva ile, simwoni.

Upande wa pili nikahesabu kopa. Zimebaki kumi ambazo siwezi kuziona, na kumi zinaunda michanganyiko 45 ya karata mbili. Nyingi kati ya hizo mtu makini hangeingia nazo, mathalani tisa na mbili. Toa hizo zote, bado kinachobaki ni kingi kuliko mikwara niliyoweza kuitaja. Mkononi mwangu hakuna kopa hata moja, kwa hiyo sijampunguzia chochote. Wale tuliolelewa kwenye turufu za barazani, ambako mtu asiyekumbuka karata zilizokwisha kutoka hufukuzwa na wakubwa kwa makelele, hesabu ya namna hii tunayo damuni. Kwenye poka tofauti ni kwamba unahesabu zile ambazo hazijatoka.

Nikatupa. Mzee akavuta chipu, akarudisha karata zake kifudifudi, akaipandisha miwani mahali pake. Hakuna aliyemuuliza, na hata angezifunua, uamuzi ule usingepata ubora zaidi wala kupungua. Nilikuwa nimeujibu ule mkono kwa nilichokuwa nakijua wakati ule.

Sasa badilisha karata moja tu. Riva isiwe saba ya kopa, iwe mbili ya uru. Na mzee ampishe kijana mmoja wa mezani kwetu, mpenda vita, asiyeona poti akaivumilia. Dau lilelile la 45,000, bei ileile ya asilimia 29. Mkono umegeuka wote. Kopa zote zilizokuwa zikingoja zimekosa, na jeki na kumi wamekosa pia. Ni kweli mwenye ree na tano amepata mfululizo, na mwenye sita na tano amepata wake, lakini hao ni wachache. Mwenye jozi ya nane au jozi ya nne mkononi angekuwa amepandisha mapema, maana flopu ile yenye kopa mbili si ya kuichezea kimyakimya. Hapa waliobaki bila kitu ni umati, na kijana huyu ni mtu wa kujaribu. Nalipa.

Halafu tazama karata zangu zinavyofanya kazi tofauti. Kwenye riva ya kwanza, kukosa kopa mkononi kulikuwa habari mbaya: kulimwachia mzee kopa zote za ushindi. Kwenye riva ya pili kukosa kopa ni habari njema: kunamwachia kijana kopa zote za mkwara. Laiti ningekuwa na ree ya kopa badala ya ree ya shupaza, ningekuwa nimeshika karata ambayo yeye anaihitaji ili awe amekosa, na malipo yangu yangekuwa ya mashaka zaidi. Hili ndilo jambo ninalolirudia kila mtu akiniomba tukae naye ajifunze. Watu huangalia karata zao kujua zina nguvu kiasi gani tu. Kwenye riva, mbele ya dau la ghafla, ziangalie pia kujua zinamzuia mwenzako kuwa na nini.

Kwa miaka mingi walimu wa poka walifundisha kwamba kumdandia aliyekuwa akiongoza ni alama ya mchezaji asiyejua. Mwaka 2019 mafundisho hayo yalitikiswa. Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakishirikiana na watafiti wa akili mnemba wa Facebook, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya programu yao Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika Hold'em ya watu sita. Programu ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake kwa siku 8, bila kuangalia mchezo wa binadamu hata mmoja. Na miongoni mwa mambo waliyoyaona watafiti ni kwamba Pluribus huanza hatua kwa dau baada ya kumaliza hatua iliyotangulia kwa kulipa, tena mara nyingi kuliko wafanyavyo wachezaji wa kulipwa. Dau lile lililobezwa lilikuwa na akili ndani yake. Kuna karata zinazomfaa mlipaji kuliko kiongozi, na zikija, mlipaji ana haki ya kuchukua usukani.

Nalipenda sana jambo hili, na ndiyo maana naumia kuona likitumiwa vibaya. Mtu amesoma kuhusu kompyuta, anakaa na mzee wetu, anajiambia: dau la 45,000 kwenye poti ya 65,000 linalipa kama mkwara ukitupa zaidi ya mara 41 katika 100, kwa hiyo lazima nilinde asilimia 59 ya karata zangu, yaani nisizitupe. Hesabu ni sahihi. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya mpinzani anayejua kuchanganya, aliye na mikwara ya kutosha ndani ya dau lake kiasi kwamba usipojilinda atakumaliza. Pluribus inachanganya. Mtu ambaye mwaka mzima hujamwona akidandia bila kitu hachanganyi, na ukijilinda dhidi yake kwa asilimia 59 unamgawia fedha zako. Dhidi ya asiyefahamika na yeyote mezani, mgeni wa usiku ule, naikaribia zaidi namba ya kompyuta. Dhidi ya ninayemfahamu, namfuata yeye.

Kujua mtu, hata hivyo, kunaweza kukusaliti, na mfano wake ni mkubwa. Mei 2003, Las Vegas, ndani ya kasino ya Binion's Horseshoe, mashindano makuu ya World Series of Poker yalikuwa yameanza na wachezaji 839 na wamebaki wawili. Mmoja ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la intaneti la dola 86. Mwingine ni Sammy Farha, mchezaji mzoefu mzaliwa wa Lebanoni. Mezani kuna tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza, na riva ni tatu ya kopa. Farha ana malkia wa shupaza na tisa ya kopa, jozi ya juu. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa: alikuwa aking'ang'ania shupaza moja zaidi, au tano, au kumi ya kumkamilishia mfululizo, na vyote vimekosa. Kwenye karata ya nne alikuwa amepandisha dau la Farha, na Farha akalipa. Kwenye riva Farha anagonga meza, Moneymaker anasukuma chipu zake zote.

Hapa mpangaji wa mkwara alikuwa na zamu ya mwisho, kwa hiyo si kudandia kwa maana ileile. Ila kazi ya anayejibu ni ileile. Farha alikaa akiwaza, na akasema kwa sauti kwamba huenda mwenzake amezikosa shupaza. Alikuwa amesema kweli tupu. Kisha akatupa. Moneymaker akaendelea hadi ubingwa na dola milioni 2.5, na mkono ule unarudiwa kwenye televisheni mpaka leo.

Wengi humcheka Farha. Mimi naona alifanya sehemu ngumu vizuri: aliuliza nani amebaki bila kitu na akalipata jibu. Tatu ya kopa haikuwapa wengi chochote. Aliyekuwa nacho alikuwa nacho tangu karata ya nne, na aliyekuwa akingoja alikuwa amekosa. Ubao, yaani karata za mezani, ulimwambia lipa. Mtu ndiye aliyemwambia tupa: mhasibu, kwenye mchezo mkubwa kuliko yote maishani mwake, hawezi kuhatarisha vyote bila kitu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Alimsoma Moneymaker kwa kazi yake na ugeni wake. Mzee wetu namsoma kwa mikono niliyomwona akicheza, na namna hizo mbili za kusoma hazina uzito sawa. Nikiwa na ya kwanza tu, namwamini zaidi ubao.

Niseme na madau madogo, maana haya ndiyo yanayokuja kila wiki. Turudi kwenye poti ya 65,000, mpinzani adandie kwa 15,000. Bei ni 15 juu ya 95, kama asilimia 16. Kwa ree na malkia kutupa hakupo, hata ile saba ya kopa ikiwa mezani. Swali halisi ni kama upandishe, na hapa watu wengi huongozwa na kiburi: kidau kidogo kinaonekana kama dharau, wanataka kukifuta. Kabla hujapandisha, taja kwa jina karata mbovu kuliko zako ambazo zitakulipa. Kwenye saba ya kopa mimi sizioni. Malkia na kumi ataogopa kopa atupe, na mwenye kopa mbili atalipa au atanipandishia tena. Napandisha ili nimfukuze niliyemshinda na nimkaribishe aliyenishinda? Nalipa 15,000, tunafungua.

Kwenye mbili ya uru mambo ni mengine. Kidau cha 15,000 pale mara nyingi ni malkia na jeki, malkia na kumi, au nane iliyochoka, inayotaka kufika mwisho kwa bei nafuu. Mwenye mfululizo angedai zaidi. Kwa hiyo hapo napandisha, kiasi cha 50,000, dhidi ya mtu ambaye nimewahi kumwona akilipa na jozi ya malkia isiyo na msindikizaji mzuri. Na nikishapandisha, mtu huyohuyo wa vidau vidogo akazisukuma zote, zile karata zangu nazitupa bila kuomba muda, kwa sababu aliyeanza na 15,000 ili atulize mambo haongezi moto mpaka awe na ree na tano au sita na tano mkononi.